Bangi katika Mizani ya Tabibu

Mwaka 1839, katika mji wa Calcutta, tabibu mmoja wa Kiairishi aitwaye William Brooke O'Shaughnessy, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha utabibu cha mji huo, alichapisha makala ndefu juu ya mmea ambao Wahindi walikuwa wameutumia kwa karne nyingi katika ibada, katika anasa na katika tiba, lakini ambao matabibu wengi wa Ulaya wa zama zake hawakuujua ila kwa habari za wasafiri. Mmea huo ni bangi. Kabla ya kumpa mgonjwa hata mmoja, aliijaribu kwanza kwa wanyama wa namna nyingi, akaona kwamba wala nyama na samaki hulewa upesi, na kwamba wala majani, kama mbuzi na farasi, hawapatwi na jambo kubwa. Kisha akawapa watu waliokuwa wakiugua baridi yabisi, kipindupindu, pepopunda na kichaa cha mbwa, akiandika kwa uaminifu wapi dawa ilisaidia na wapi ilishindwa. Mgonjwa wa kichaa cha mbwa alikufa, ila alikufa kwa mateso machache zaidi. Mtoto mchanga wa kike, mwenye umri wa siku arobaini, aliyeshikwa na degedege lililoshinda dawa nyingine zote, alipewa matone ya bangi iliyoyeyushwa katika spiriti, na degedege likakoma. Na tabibu huyo huyo, katika makala hiyo hiyo, alieleza namna ya wazimu unaowapata wale waitumiao bangi bila hadhari.

Kalamu moja, basi, iliandika shifaa na dhara pamoja, wala haikuona haja ya kuficha moja ili kuitukuza nyingine. Leo mambo hayo mawili yametenganishwa, na kila moja limepata watetezi wake: wako wanaosema katika vijiwe na katika simu zao kwamba bangi ni dawa ya kila maradhi, tangu saratani hata kisukari, na kwamba serikali zinaizuia kwa husuda tu; na wako wanaosema kwamba mtu akiivuta mara moja basi akili yake imekwisha, na kwamba hata kuitaja pamoja na neno dawa ni kuwapoteza vijana. Mimi naona kwamba pande zote mbili zinamdhulumu msikilizaji, kwa sababu swali la kwamba bangi ni njema au mbaya si swali ambalo tabibu aweza kulijibu. Tabibu huuliza ni kiini gani cha mmea huo kinachotumiwa, kwa kadiri gani, kwa maradhi gani, na mtumiaji ana umri gani. Na majibu ya maswali hayo manne yakibadilika, hukumu nayo hubadilika.

Katika karne ya kumi na tisa, dawa ya maji ya bangi iliuzwa katika maduka ya dawa ya London na New York kama dawa nyingine yoyote. Iliyoiondoa humo haikuwa sheria peke yake. Chupa moja ilikuwa na nguvu kidogo na nyingine nguvu nyingi, na hapakuwa na njia ya kupima, maana hakuna aliyejua ni kitu gani hasa ndani ya majani na utomvu wake kilichokuwa kikifanya kazi. Tena kitu hicho hakiyeyuki katika maji, kwa hiyo ilipokuja sindano, bangi haikuweza kuingia ndani yake kama ilivyoingia mofini. Aspirini na dawa nyingine za viwandani zilipopatikana, matabibu wakaiacha. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 ukaitia katika orodha ya vitu vya kudhibitiwa baina ya mataifa, na mkataba mkuu wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 ukaiweka katika daraja la vitu vya hatari kabisa vyenye manufaa haba ya tiba, pamoja na heroini.

Elimu iliyokosekana katika zama za O'Shaughnessy ilianza kupatikana mwaka 1964, pale Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni, wanakemia wa Israeli, walipofanikiwa kukitenga kiini kinacholevya na kuueleza muundo wake. Malighafi yao ilikuwa kilo tano za hashishi ya Lebanoni iliyokamatwa na polisi, nao walipewa na polisi hao hao. Kiini hicho ni tetrahidrokanabinoli, ambayo kwa ufupi huitwa THC. Ndugu yake wa pili kwa umashuhuri, kanabidioli au CBD, alikuwa ametengwa mapema zaidi, mwaka 1940, na Roger Adams wa Marekani, ingawa muundo wake kamili ulieleweka mwaka 1963. Hao ni wawili tu katika jamaa ya viini zaidi ya mia moja, na tofauti iliyopo baina yao ndiyo mlango wa kuyafahamu yote yanayofuata: THC hulevya, CBD hailevyi.

Ilibaki kujua kwa nini ubongo wa binadamu unaitikia utomvu wa mmea. Jibu lilikuja mwaka 1988, Allyn Howlett na mwanafunzi wake William Devane, huko Marekani, walipogundua kwamba chembe za ubongo zina vipokezi maalumu ambavyo THC hushikamana navyo. Na mwaka 1992 Devane na Mechoulam pamoja na wenzao wakaonyesha kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu chake kinachofanya kazi katika vipokezi hivyo, wakakiita anandamidi. THC, kwa hiyo, ni mgeni abishaye hodi kwa sauti ya mwenye nyumba, na mwili humfungulia. Vipokezi hivyo vimejaa katika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, ndiyo sababu mvutaji husahau alilolianza kusema. Vimejaa katika sehemu inayoongoza mizani ya mwili, ndiyo sababu miguu na mikono yake huwa mizito na macho hukosea umbali. Vimo katika njia za maumivu, za njaa na za furaha. Lakini katika shina la ubongo, linaloamrisha pumzi, vipokezi hivyo ni vichache sana, na hii ndiyo sababu ni nadra mtu mzima kuzimika pumzi akafa kwa bangi kama wafavyo watumiaji wa heroini. Wapenzi wa bangi huishika sana hoja hii ya mwisho, na ni hoja ya kweli, ila kutokufa si sawa na kutodhurika.

Sasa tuyatazame manufaa, tukianza na lile lenye ithibati iliyo imara kuliko yote. Liko kundi la watoto wenye kifafa kikali kisichosikia dawa, na miongoni mwa aina zake ni ugonjwa uitwao Dravet, ambao huanza katika mwaka wa kwanza wa mtoto na kumwandama kwa mishtuko ya mara kwa mara. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto na vijana 120 wenye ugonjwa huo, nusu yao wakipewa CBD safi juu ya dawa zao za kawaida na nusu wakipewa kinywaji kilichofanana nayo kisicho na dawa, bila wazazi wala matabibu kujua nani amepewa nini. Kwa waliopewa CBD, mishtuko ilishuka kwa wastani kutoka karibu 12 kwa mwezi hata 6. Kwa wengine ilibaki karibu 14. Mwaka uliofuata Marekani iliikubali dawa hiyo rasmi, kwa jina la Epidiolex. Karibu miaka mia na themanini ilikuwa imepita tangu yule mtoto wa Calcutta, na katika muda huo wote lililokosekana ni mtu wa kupima.

Nimsihi msomaji alitazame jambo hilo pande zote. Watoto hao hawakuvutishwa moshi wala hawakupikiwa majani: walipewa kiini kimoja kilichosafishwa, kwa kipimo kilicholingana na uzito wao, huku damu yao ikichunguzwa, kwa sababu dawa hiyo iliwaletea wengine usingizi, kuhara na kutapika, na kwa baadhi yao iliamsha dalili za dhara katika ini, hasa wale waliokuwa wakitumia dawa nyingine ya kifafa iitwayo valproeti. Dawa ya kweli huja na orodha ya madhara yake. Inayosemwa kuwa haina dhara hata kidogo, aghalabu haijachunguzwa na mtu.

Baada ya kifafa huja kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa kali. Vidonge vya THC iliyotengenezwa viwandani, viitwavyo dronabinoli, vilikubaliwa Marekani mwaka 1985 kwa ajili hiyo, na mwaka 1992 vikaruhusiwa kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakidhoofika kwa kukosa hamu ya chakula. Vinafanya kazi, ijapokuwa leo zipo dawa nyingine za kutapika zinazotangulizwa kabla yake. Iko pia dawa ya kupuliza mdomoni iitwayo Sativex, yenye THC na CBD kwa kadiri iliyokaribiana, iliyoruhusiwa Uingereza mwaka 2010 kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi ambao misuli yao hukakamaa kwa maumivu. Nayo huwapunguzia baadhi yao mateso hayo, si wote.

Juu ya maumivu ya muda mrefu wanazuoni hawajapatana. Mwaka 2017 chuo cha kitaifa cha sayansi cha Marekani, baada ya kupitia maelfu ya maandishi ya utafiti, kilitamka kwamba uko ushahidi wa kutosha kwamba bangi huwapunguzia watu wazima maumivu sugu. Miaka miwili baadaye taasisi ya Uingereza inayowaongoza matabibu ikakataza kuwapa wagonjwa dawa za bangi kwa ajili hiyo, kwa kuwa faida yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama na madhara. Na mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu nayo ikakataa kuziunga mkono. Nionavyo mimi, mgonjwa wa saratani wa Afrika Mashariki anayelala akiugulia hana haja ya kungoja mzozo huo ukatike, kwa maana mofini ya kunywa, iliyo rahisi na yenye nguvu iliyothibitika, imekuwa ikiwatuliza wagonjwa wa Uganda tangu Anne Merriman alipoianzisha Hospice Africa huko mwaka 1993. Aibu yetu ni kwamba dawa hiyo haijawafikia wote.

Na saratani yenyewe? Katika vyombo vya maabara viini vya bangi vimeua chembe za saratani, kama vinavyoziua vitu vingi ambavyo havikumponya mtu. Kwa binadamu hapana ithibati kwamba mafuta ya bangi huiponya. Anayemwambia mgonjwa aache hospitali akanywe mafuta hayo anamnyima wasaa ambao hautarudi. Habari ya macho nayo ina funzo. Mwaka 1971 iligunduliwa kwamba moshi wa bangi hushusha presha ya jicho, na wenye glakoma wakafurahi. Lakini kushuka huko hudumu saa tatu au nne tu, hata ingemlazimu mgonjwa awe amelewa mchana kutwa na usiku kucha ili kuyalinda macho yake, hali matone ya kawaida hufanya kazi hiyo bila kugusa akili.

Nayafikia madhara, na katika hayo nitakaa zaidi penye wazimu, kwa sababu hapo ndipo familia zetu huumia na ndipo maneno ya ovyo yamekuwa mengi. Huko Sweden, vijana 45,570 walioandikishwa jeshini waliulizwa habari za bangi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kumi na mitano. Na matokeo yaliyochapwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba wale waliokwisha kuivuta zaidi ya mara hamsini walipata ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara sita zaidi kuliko wasioivuta kamwe. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliofanywa katika miji kadhaa ya Ulaya na Brazil, uliona kwamba watumiaji wa kila siku walikuwa katika hatari ya saikosisi, yaani kurukwa na akili, mara tatu zaidi, na waliotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, karibu mara tano. Wako wanaojibu kwamba huenda wenye mbegu ya ugonjwa ndio huvutwa na bangi, wala si bangi inayowatia ugonjwa, na jibu hilo lina sehemu ya kweli. Lakini hatari inayozidi kadiri kipimo kinavyozidi ni dalili ambayo tabibu mwenye akili haidharau. Tena ni haki kusema kwamba skizofrenia ni maradhi ya wachache, kwa hiyo wavutaji walio wengi hawatarukwa na akili. Mwenye mzazi au ndugu aliyewahi kuugua maradhi hayo ndiye asiyepaswa kuigusa hata kwa ncha ya kidole.

Kijana anapoanza kusikia sauti zisizokuwepo, kuwashuku wazazi wake na kujifungia chumbani, jamaa zake aghalabu husema amerogwa, au husema ni bangi tu itamtoka, na miezi hupita kwa mganga au kwa kungoja. Yote mawili ni hasara. Saikosisi inayotibiwa mapema hutulia vizuri zaidi kuliko iliyoachwa, na mahali pake ni kwa tabibu wa akili, awe wa Mirembe Dodoma, wa Mathari Nairobi, au wa hospitali ya mkoa iliyo karibu, na si kamba wala mnyororo.

Umri ndio mizani nyingine. Ubongo wa mwanadamu hukamilika kujengeka karibu na miaka ishirini na mitano, na vile vipokezi tulivyovitaja vina kazi katika ujenzi huo. Huko Dunedin, New Zealand, watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walifuatiliwa tangu utoto, na walioanza bangi katika ujana wakaendelea nayo kwa miaka mingi walipoteza hata pointi nane katika kipimo cha akili walipofika miaka thelathini na minane, lakini walioanza wakiwa watu wazima hawakuonyesha upotevu huo. Watafiti waliochunguza mapacha wameutilia shaka utafiti huo, wakisema malezi na ukoo vina sehemu yake. Hata hivyo, sijaona hata mmoja wao aliyeshauri watoto wa shule waivute. Kadhalika uraibu: katika watumiaji kumi, karibu mmoja hunaswa, na kwa wanaoanza katika umri wa kubalehe ni mmoja katika sita; na aliyenaswa akiiacha hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula, na hukasirika kwa neno dogo, kinyume cha wanaosema kwamba bangi haina utumwa. Tena bangi ya leo si ya jana. Ile iliyokamatwa Marekani ilikuwa na THC ya karibu asilimia 4 mwaka 1995, na karibu 12 mwaka 2014.

Mengine nayapitia kwa haraka. Moshi ni moshi, uwe wa tumbaku au wa bangi, na mvutaji wa miaka mingi hupata kikohozi sugu chenye makohozi, ingawa uhusiano wake na saratani ya mapafu haujathibitika. Mwendesha bodaboda aliyevuta huwa hatari kwake na kwa abiria wake. Mama mjamzito anayevuta huelekea kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Aliyeila katika keki huweza kungoja saa moja au mbili asisikie kitu, akaongeza, kisha ikamjia yote kwa pamoja. Na huko Adelaide, Australia, mwaka 2004, matabibu walieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa wavutaji wa muda mrefu ambao hutapika kwa siku nyingi, na nafuu yao ni kuoga maji ya moto tu, mpaka waiache bangi kabisa.

Biashara imelifuata jambo hili kwa kasi kuliko elimu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni wakazipima: chini ya theluthi moja ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa juu ya chupa, na 18 zilikuwa na THC ambayo mnunuzi hakuitaka. Miaka miwili baadaye, huko huko, watu 2,807 walilazwa hospitali kwa mapafu yaliyoharibika, na 68 wakafa, wengi wao wakiwa wametumia sigara za umeme zenye THC ya magendo iliyochanganywa na mafuta ya vitamini E.

Sheria nazo zinabadilika. Mwezi Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25 na nchi moja ikijizuia, iliitoa bangi katika lile daraja la vitu vya hatari kabisa, ikakiri kwamba ina nafasi katika tiba, lakini ikaiacha chini ya udhibiti. Rwanda imeruhusu ilimwe chini ya ulinzi kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje. Katika Tanzania na Kenya, kulima, kuuza na kuvuta ni jinai, na msokoto mmoja waweza kumtia kijana gerezani. Hayo hayamfanyi tabibu kuwa polisi. Mgonjwa anayevuta na amwambie tabibu wake bila hofu, kwa maana tabibu asiyejua hawezi kumlinda, na CBD huzidisha nguvu ya dawa nyingine mwilini, ikiwamo wafarini ya kuzuia damu kuganda.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa kifafa nina neno mahsusi. Habari ya watoto wa Dravet isikufanye utafute mafuta ya bangi ya kichochoroni. Ugonjwa ule ni nadra, na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hata watu saba katika kumi wenye kifafa wangeweza kuishi bila mishtuko kama wangepata dawa za kawaida, lakini katika nchi maskini karibu watatu katika wanne hawapati tiba wanayoihitaji. Fenobabitoni ni dawa ya bei nafuu na ya siku nyingi. Mpeleke mtoto kliniki, umpe dawa kila siku kama ulivyoelekezwa, wala usiikatishe kwa sababu ya jambo ulilolisikia kijiweni au ulilotumiwa katika simu.